Kabati la Bafuni

Tulipojenga bafu la nyumba yetu hapa Kampala, seremala alitaka kujua upana wa kabati. Nasi tukaona yafaa kwanza kujua kitakachohifadhiwa humo. Taulo na sabuni zina haki ya kukaa bafuni. Dawa za kumeza hazina, kwani joto na mvuke huziharibu. Hizo tukaziwekea sanduku la kufuli chumbani. Dawa ya kusafishia choo, ambayo mtoto akiinywa humwunguza koo, tukaitengea rafu ya juu yenye komeo.

Mbao tulichagua mvule, kwa kuwa hustahimili unyevu. Miguu ya kabati tukaiinua sentimita 15, maji yapite na ufagio ufike.

Katika nyumba za kale za Lamu, kuta nene za mawe zilitoa nafasi ya vidaka vya kuwekea vyombo. Ukuta wetu wa matofali ni mwembamba, hauwezi kubeba kidaka. Walakini neno lenyewe tumewafunza wanafunzi wetu, nao wamelipenda.

Walimu wenzetu, tahadhari kabla ya hatari: pimeni kwanza mkono wa mtoto unafika wapi, ndipo mpime ukuta.