Alama ya Reli Haizibi Mdomo

Jamani wasomaji, leo siasa tuziweke kando. Niko Kiegeani, kisiwani Mafia, na jioni zangu zimemezwa na faili moja la maandishi: lile la spec, linaloielekeza kompyuta yenye Fedora namna ya kufungasha programu mpaka kitoke kifurushi cha RPM.

Humo, mstari ukianza na alama ya reli (#) ni maelezo ya binadamu. Kompyuta ilitakiwa iupite tu. Ajabu ni kwamba makro, yale maneno yanayoanza na %, hukunjuliwa hata ndani ya maelezo. Weka # mbele ya %configure, ambayo ikikunjuliwa inatoa mistari mingi: wa kwanza utanyamaza, iliyobaki itatekelezwa kama kawaida! Dawa ni kuandika %%configure, au kuanza mstari na %dnl, iliyokuja na RPM 4.15 mwaka 2019.

Njia nyingine ni sharti: %if 0 juu, %endif chini. Maagizo yaliyo katikati unayasoma vizuri, ila hayafanyiwi kazi. Hapo ndipo uandishi wa habari uliponiamka.

Mwaka 2004 mradi wa Kilinux, wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na washirika wa Sweden, ulitoa Jambo OpenOffice kwa Kiswahili. Kazi kama ile haihitaji adui wa kuifuta. Mfungashaji mwenye haraka anaweza kuizungushia %if 0 ili kifurushi kiwe chepesi, basi. Mtumiaji atafungua programu, atakuta Kiingereza, na atasema Kiswahili hakiwezi kompyuta. Kumbe tafsiri ipo, imefungiwa mlango.

Simlaumu anayepunguza uzito. Sisi tunaohesabu bando tunamwelewa. Lakini spec inaruhusu kifurushi kidogo cha pembeni, kila lugha na chake, anayekitaka akichukue. Kitu kikifutwa watu hulalamika. Kikiwekewa sharti, wengi hawajui hata kama kilikuwepo.

Faili za spec za Fedora ziko wazi kwa yeyote. Nyie mliosomea kompyuta, fungueni, tafuteni kila %if, muulize: sharti hili kaliweka nani, na kwa nini? Maswali hayohayo sisi tunawauliza mawaziri. Au mnasemaje?