Kuandika Programu Msimu wa Tumbaku

Mpanda huwa naitwa fundi kompyuta, jina lile lile la kijana anayebadilisha vioo vya simu pale stendi, na sina ugomvi nalo. Kazi yangu miaka yote hii nusu yake imekuwa ya ufundi kweli: kupuliza vumbi kwenye mashine, kubadilisha betri za UPS, kuchomoa karatasi iliyokwama kwenye printa huku foleni ya wakulima ikinikodolea macho. Nusu iliyobaki ndiyo niliyoisomea Dodoma, kuandika programu.

Nilirudi nyumbani Mpanda, mkoa wetu wa Katavi ukiwa bado mchanga. Ulimegwa kutoka Rukwa mwaka 2012, na ofisi nyingi zilikuwa zingali zinatafuta majengo. Nilirudi kwa treni, ile inayochepuka Kaliua na kuiacha njia kuu ya Kigoma. Reli hiyo ilijengwa na Waingereza mwishoni mwa miaka ya 1940 kwa ajili ya madini ya risasi. Mgodi ukafungwa, reli ikabaki na sisi. Wenzangu wa darasani waliishia Dar es Salaam, kwenye mabenki na kampuni za simu. Mimi nilikuwa na mteja mmoja tu, chama cha msingi cha wakulima wa tumbaku. AMCOS, kama kila mtu anavyosema.

Kwa asiyeijua biashara yenyewe: tumbaku hukaushwa kwenye bani, ikafungwa marobota, ikapelekwa ghala la chama. Siku ya soko mteuzi hupita robota kwa robota akitoa daraja. Kila daraja lina bei yake kwa kilo, na bei hiyo ni ya dola za Marekani. Mkulima kwake anahesabu shilingi. Kati ya dola ya mteuzi na shilingi ya mkulima kuna deni la mbolea, kuna makato ya chama, kuna kiwango cha kubadilishia fedha siku ya malipo. Hapo ndipo programu inapoingia, na hapo ndipo ugomvi unapoanzia.

Programu niliyoikuta ilikuwa imeandikwa na mtu mwingine, hodari kwa sura za skrini. Ila fedha alikuwa akizihifadhi kwa ile namna ya kompyuta iitwayo nukta inayoelea. Kompyuta huhesabu kwa sifuri na moja, na sehemu kama moja ya kumi haiandikiki humo ikaisha, kama theluthi isivyoisha ukiiandika kwa desimali. Ndiyo maana ukiiambia ijumlishe 0.1 na 0.2 kwa njia hiyo, inakujibu 0.30000000000000004. Mhandisi anayepima daraja la mtoni hajali. Mkulima anayepima jasho lake anajali sana.

Mzee mmoja alikuja na daftari lake la mistari, kila robota limeandikwa kwa kalamu ya wino, uzito na daraja.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, fundi. Hiyo mashine yako imenipunja."

"Kiasi gani?"

"Kidogo. Lakini kama imenipunja kidogo mimi, je, wote waliopanga foleni hapo nje?"

Tukakaa naye robota kwa robota. Robota moja lilikuwa la kilo 47.5 kwa dola 1.83 kwa kilo. Zidisha, unapata 86.925. Ile nusu senti iende juu au chini? Na uikate kwa kila robota, au ujumlishe yote kwanza ndipo ukate? Mzee alikuwa anapandisha juu kila mara, kama alivyofundishwa shule ya msingi. Mashine ilikuwa inafanya inavyotaka, mara juu mara chini, kwa kuwa humo ndani 86.925 haikuwa 86.925 kamili.

Kubadilisha safu za kanzidata ziwe za desimali kamili ilikuwa kazi ndogo. Kazi ngumu ilikuwa swali la mzee, maana hata lugha za programu zenyewe hazijakubaliana. Iambie Python ikadirie 2.5 kuwa namba nzima, itakupa 2. Iambie PHP, itakupa 3. Kila moja ina sababu zake nzuri. Mimi nikaona si haki yangu kuamua, wala si haki ya watu walioitunga Python. Nikalipeleka suala kwenye bodi ya chama. Walibishana kutwa nzima, wakaamua nusu senti iende juu, kwa kila robota, na kanuni hiyo ikabandikwa ubaoni mlangoni mwa ghala. Sijawahi kusoma kitabu cha programu kinachosema uamuzi wa aina hiyo ufanywe na mkutano wa wakulima, lakini ndivyo ninavyofanya mpaka leo.

Umeme ulinifundisha mengine. Kabla ya njia ya kilovolti 132 kutoka Tabora kupitia Ipole na Inyonga kutufikia, mji uliishi kwa majenereta ya dizeli, na kukatika kwa umeme kulikuwa jambo la kawaida kama jua. Kanzidata za MySQL za zamani zilikuwa zikitumia mfumo wa MyISAM, ambao umeme ukikatika katikati ya kuandika, jedwali lilikuwa hatarini kuharibika. InnoDB, uliofanywa kuwa chaguo la kawaida tangu toleo la 5.5 mwaka 2010, huandika kwanza kwenye kumbukumbu yake kile unachotaka kufanya, ndipo unafanya. Ukikatizwa, ukiwaka tena unasoma kumbukumbu ile na kumalizia au kufuta. Walioko Ulaya huzungumzia jambo hili kama nadharia. Karani wetu wa mizani aliliona kwa macho, jenereta limezima robota likiwa juu ya mizani, limewaka, na robota la mwisho lipo.

Kwa sababu hiyo hiyo, ya kazi kutopotea, naipenda Git, programu ya kutunza historia ya msimbo, kuliko chombo kingine chochote cha kazi. Linus Torvalds aliiandika mwaka 2005 kwa ajili ya watengenezaji wa Linux waliotawanyika duniani, na kila mmoja hubeba historia nzima ya kazi kwenye mashine yake. Vijana wanaokuja kwangu kujifunza hudhani Git na GitHub ni kitu kimoja. Microsoft ilipoinunua GitHub, tovuti ya kuhifadhia kazi za Git, mwaka 2018 kwa dola bilioni 7.5, waliniuliza kama sasa tutalipia. Nikawaonyesha flashi yangu: ghala la Git liko humo, haliihitaji Microsoft wala mnara wa simu. Flashi hiyo imesafiri kwa bodaboda mara nyingi kuliko mimi.

Bando nalo ni mwalimu. Siku hizi ukitaka kuandika hata ukurasa mdogo, unaambiwa upakue vifurushi mamia vya watu usiowajua. Mwenye intaneti isiyo na kipimo haoni kitu. Mimi naona salio linavyoshuka. Mwezi Machi 2016 mtu mmoja aliondoa kifurushi chake kiitwacho left-pad, mistari 11 tu ya kujaza nafasi kushoto mwa neno, na miradi mingi duniani ikashindwa kujengwa. Habari ile ilinifurahisha kidogo, nakiri, kwa sababu kazi hiyo nilikuwa nimejiandikia mwenyewe ili kuokoa megabaiti.

Halafu ikaja Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024. Mikongo miwili ya baharini, EASSy na Seacom, ilipata hitilafu kusini huko kati ya Msumbiji na Afrika Kusini, na intaneti ikazorota nchi nzima. Katikati ya msimu wa soko! Ghalani kwetu Jumatatu ilipita kama kawaida, kwa kuwa kanzidata iko kwenye mashine chini ya meza ya karani, na mtandao unahitajika tu jioni kwa kupeleka nakala mbali.

Sasa vijana wangu wanaandika kwa kusaidiwa na akili mnemba. Siwazuii, hata mimi huitumia. Ila ukiiomba programu ya mizani, mara nyingi inakuletea inayodhani mtandao upo muda wote, na fedha imeziweka kwenye nukta inayoelea. Nawaachia wazigundue kasoro hizo wenyewe. Mmoja alichelewa kula mchana akizitafuta.

Msimu huu bodi inataka kila mkulima apate risiti kwa ujumbe wa simu papo hapo. Ujumbe mmoja una herufi 160, na ndani yake lazima viingie idadi ya marobota, kilo, dola, makato na salio. Nimefikisha 153. Kilichobaki ni kubishana na mhasibu: yeye anataka dola itangulie, mimi na karani tunataka shilingi.