Si Mkono Mbaya, Udongo Umechoka!

UKISHUKA daladala Mwenge ukakata kuelekea Mikocheni, utakuta vitalu vya maua vimejipanga kando ya barabara utadhani kuna harusi. Bogenvilia, mawaridi, asumini, vyote kwenye viroba vyeusi. Mimi huwa nazubaa pale hadi jua liniwakie.

Lakini msomaji wangu, nilikuwa na aibu yangu. Mara mbili nilinunua miche huko, nikaibeba kwa mbwembwe hadi nyumbani Sinza, na mara mbili ikanifia. Bustani yenyewe ni ya marehemu mama. Enzi zake ilinukia hadi kwa jirani. Kaka akanipa neno la mwisho: "Masika yakiisha hakuna ua, namwaga zege hapo, napaki pikipiki yangu."

Basi Februari nikarudi kitaluni, safari hii si kununua, bali kulalamika. Nikamwamkia mzee mwenye miche, nikamweleza. Akacheka. "Binti, mkono wako hauna mkosi. Udongo ndio umechoka. Umewalisha miaka yote hiyo, nyie mmeurudishia nini?"

Akanishushia darasa. Mchanga wetu wa Dar haushiki maji wala chakula, mvua ikinyesha vyote vinazama chini. Kwanza chimba futi moja. Toa mizizi ya zamani, matofali na saruji. Ndago usiikate juu juu, fuata kiazi chake. Ukikiacha inachipua tena. Halafu changanya udongo mweusi na samadi iliyooza hadi imekuwa nyeusi, inamong'onyoka, haina harufu. Samadi mbichi inaunguza mizizi.

Hapo nikashika kichwa. Mimi nilikuwa naichota bandani mwa ng'ombe asubuhi, mchana napanda! Kumbe miche yangu niliiua mwenyewe.

Nyumbani nikashika jembe. Siku mbili, viganja vyote malengelenge. Chini nikafukua viroba viwili vya saruji iliyoganda, mabaki ya mafundi waliojenga ukuta wetu. Aliyewasimamia mafundi? Kaka huyo huyo! Nikavipanga mlangoni kwake, sikusema neno.

Kazi iliyonishinda karibu niache ni kusubiri. Mzee alisema mwagilia wiki tatu hivi bila kupanda, magugu yachipue, uyang'oe, ndipo uweke miche. Ukishapanda, tandaza majani makavu juu ya udongo ushike unyevu, ila yasigusane na shina, litaoza.

Machi mvua zikaanza, nikapanda. Mei waridi la kwanza likafunguka, jekundu kama yale ya mama. Kaka alisimama hapo muda mrefu na kikombe chake cha chai, hakusema kitu.

Jioni nilipotoka nje, nikaona pikipiki imepakiwa kibarazani.

Haya, wenye bustani zilizochoka, jembe hilo! Tukutane wiki ijayo.