Siku 992 na Mbweha wa Leicester

Kwenye vikao vyetu Waswahili wa hapa Leicester, mtu akiombwa aeleze alivyotoka kwenye dhiki hutaja dua za mama, mke mwenye subira, rafiki aliyepiga simu wakati wake. Hayo yote nami niliyapata, alhamdulillahi. Lakini nikiishia hapo nitakuwa nimeficha jambo, maana kwa sehemu kubwa ya mwaka 2013 na 2014 kilichonitoa kitandani kilikuwa timu mbovu ya kriketi.

Timu yenyewe ni Leicestershire, timu ya kaunti yetu, inayojulikana kwa jina la Mbweha. Si timu ya juzi. Ilitwaa ubingwa wa kaunti mwaka 1975, ikautwaa tena 1996 na 1998, na kombe la ova ishirini ikalibeba mara tatu, ya mwisho 2011. Halafu ikaporomoka. Septemba 2012 ilishinda mechi ya siku nne, na baada ya hapo ilikaa siku 992 bila kuonja ushindi mwingine wa aina hiyo. Mechi 37. Misimu miwili mizima ya ubingwa wa kaunti ikapita patupu.

Dhiki yangu mimi ilianza baridi ile iliyotangulia msimu wa 2013. Nilikuwa kwenye ghala, kazi ya kubeba na kupanga mizigo, mgongo ukaniharibikia, na mkataba ulipoisha hakuna aliyeuongeza. Mke wangu alikuwa akikesha kwenye nyumba ya kutunzia wazee. Akirudi asubuhi ananikuta nimelala, akiondoka usiku ananiacha nimelala. Nyumbani Mombasa niliwaeleza wazi kwamba sina kazi. Hawakuamini. Kaka yangu aliniuliza mtu anakosaje kazi Ulaya, kisha akanyamaza kimya kile cha mtu anayeona anadanganywa. Muhula ule mama aliuza cherehani yake ili mdogo wetu alipiwe ada. Hakuniambia yeye, niliambiwa na jirani. Tangu siku hiyo simu ikilia namba ya Kenya moyo wangu unaruka.

Aprili wakala mmoja wa vibarua akanipa kazi ya siku za mechi tu: kuokota takataka na kupangusa viti katika uwanja wa Grace Road. Saa chache, hela kidogo, lakini kuinama taratibu mgongo uliniruhusu. Vibarua wenzangu waliuchukia mchezo ule. Mimi nilikuwa na bahati ya kuujua. Nimekua nikichungulia mechi pale Mombasa Sports Club, na mwaka 2003 nilikuwa kijana wakati Collins Obuya alipowang'oa Wasri Lanka watano Nairobi na Kenya ya Steve Tikolo ikafika nusu fainali ya Kombe la Dunia. Kwa hiyo nilijua ninachokitazama. Nilichokitazama kilikuwa kipigo.

Asiyeujua mchezo huu avumilie kidogo. Mechi ya kaunti huchezwa siku nne, na kila timu hupata zamu mbili za kupiga. Kushinda ni pointi 16. Lakini kuna pointi nyingine za ziada katika zamu ya kwanza: miaka ile, ukifikisha mbio 200 ndani ya ova 110 (ova ni fungu la mipira anayorusha mtu mmoja) unapata moja, 250 ya pili, hivyo hivyo mpaka 400 upate tano; ukiwatoa wapinzani watatu unapata moja, sita mbili, tisa tatu. Yaani timu inaweza kuchapwa vibaya na bado ikarudi nyumbani na kitu mfukoni.

Haya sikuyasoma kitabuni. Nilifundishwa na mzee mmoja wa Kihindi aliyekaa siku zote upande ule ule na daftari la mistari na penseli mbili. Siku ya kwanza nilimwomba kwa Kiingereza ainue miguu nifagie. Akanitazama usoni, akaniambia, "Wewe mtu ya Mombasa." Kiswahili chake kilikuwa cha dukani, hakijali ngeli, lakini kilikuwa kimenyooka. Alizaliwa Jinja. Mwaka 1972 Idi Amin alipowapa Waasia siku 90 waondoke Uganda, halmashauri ya jiji la Leicester ililipia tangazo katika gazeti la Uganda Argus kuwasihi wasije huku, kwamba nyumba zimejaa na shule zimejaa. Nilimuuliza kama aliliona.

"Niliona sana, bwana. Kabla ya hiyo tangazo mimi sikujua iko mji inaitwa Leicester."

Mzee yule hakuwa mpole. Aliwatukana warushaji wetu kwa Kigujarati, kisha akanitafsiria nusu. Lakini wapinzani wakifikisha mbio 450 na sisi tukiwa tumetoa watu sita tu, aliandika namba mbili kwenye daftari na kuipigia mstari chini. Mbili ni mbili. Mimi nilimwona kama amechanganyikiwa. Kufika Julai nilikuwa nikimuuliza kabla sijaanza kufagia: leo tumeokota ngapi?

Nikaanza kujihesabia na mimi. Kuoga kabla ya saa tatu. Kujaza fomu ya kazi. Kupokea simu ya mama. Siku moja nilimtangazia mke wangu kwamba leo nina pointi mbili za ziada, akaniuliza pointi mbili zinanunua unga kilo ngapi. Swali la haki. Lakini alicheka, na kicheko chake nilikuwa sijakisikia tangu baridi.

Kuna jambo jingine katika kriketi ya siku nne ambalo mpira wa miguu hauna. Aliyezidiwa hata hawezi tena kushinda anaweza bado kukataa kushindwa. Siku ya mwisho, wapigaji wawili wa mkiani wanasimama na kazi yao ni moja tu, wasitolewe mpaka waamuzi waondoe vibao vya wiketi. Hawatafuti mbio. Wanazuia. Mpira unakuja, wanauzima miguuni. Unakuja mwingine, wanauacha upite. Uwanjani watu labda mia mbili, wengine wamesinzia, na mimi na mfuko wangu wa takataka nimesahau kazi. Sare kama hiyo hakuna gazeti litakaloipamba. Mimi nilitembea nayo mpaka nyumbani.

Sitaki kupaka sukari. Timu ilikuwa maskini na ilicheza kimaskini. Kila kijana aliyeiva aliondoka: Stuart Broad, kisha James Taylor, kisha Harry Gurney, wote wakaenda Nottinghamshire, jirani tu hapo. Kwetu Pwani tumeizoea hadithi hii; mchezaji akikomaa katika timu ya Bandari, Nairobi inamvuna. Msimu wa 2014 ulipoisha Nathan Buck akaenda Lancashire na Shiv Thakor akaenda Derbyshire, na hao ni watoto waliozaliwa mjini hapa hapa. Mzee aliandika majina yao ukurasa wa nyuma wa daftari, bila tusi safari hii. Na mapema mwaka huo huo Kenya yangu, ile ya 2003, ikapoteza hadhi ya kucheza mechi za kimataifa za siku moja. Basi pande zote mbili nilikuwa nimefiwa.

Faraja yetu ilikuwa ya ajabu: ligi ya kaunti ina madaraja mawili tu. Ukiwa mkiani mwa daraja la pili, huna pa kushuka. Mzee aliipenda sana habari hiyo. Mimi ilinichukua muda kuona inachekesha.

Ushindi ulikuja Juni 3, 2015, ugenini Chelmsford, dhidi ya Essex. Kocha alikuwa Andrew McDonald, nahodha Mark Cosgrove, Waaustralia wote wawili. Mimi sikuwepo, na takataka nilikuwa nimeshaziacha. Nilikuwa nimesomea cheti cha ukalimani, na siku ile nilikuwa nimekaa kwenye zahanati nikimsubiria daktari pamoja na mama mmoja Mkongo kutoka Bukavu, redio imo katika sikio moja. Wiketi ya mwisho ilipoanguka nilisimama. Mama akaniuliza kama ni zamu yetu kuitwa.

Jioni mzee akapiga simu. Nilidhani atalia. Akasema, "Kesho tunaanza hesabu tena, kutoka sifuri." Na kweli, msimu ule pia tulimaliza mkiani.

Ninachotaka vijana wanielewe ni kwamba ule ushindi ulinikuta nimeshatoka. Nilikuwa nina kazi, mgongo umetulia, ada za nyumbani zinalipwa, mama ameshanunuliwa cherehani nyingine anayoilaumu kila siku kwamba haishoni kama ile ya zamani. Mwaka 2016 Leicester City walipochukua ubingwa wa Ligi Kuu, mji mzima ulikuwa barabarani na mimi nilikuwemo, nikapiga kelele kama wote. Lakini kundi lile halikujua jina langu, na sina deni nalo. Deni langu ni kwa wale waliopigwa wiki baada ya wiki na Jumapili wakarudi kuvaa pedi.

Mbweha wamepanda tangu hapo. Mwaka 2023 walichukua kombe la siku moja pale Trent Bridge kwa kuwazidi Hampshire mbio mbili tu, Harry Swindells akiwa amepiga 117 bila kutolewa. Na 2025 wakawa mabingwa wa daraja la pili, wakapanda daraja ambalo walikuwa hawajalicheza tangu 2003. Huko juu watawakuta Nottinghamshire, mabingwa wa mwaka huo. Watatuumiza, sina shaka. Msimamizi wangu nimeshamwambia kwamba ratiba ikitoka nitaomba likizo siku za mechi hiyo, zote nne, na ameniuliza kama kuna harusi.