Schnitzelsemmel yako ya kila mchana

Mpwa wangu Idrisa,

Mama yako ananiambia chakula chako cha mchana huko Vienna ni Schnitzelsemmel, ile nyama ya kukaanga ndani ya mkate, Jumatatu hadi Ijumaa. Ujanani niliikaanga nyama hiyo katika jiko moja la huko, kwa hiyo nina la kukwambia.

Kwanza uliza ni nyama gani. Kwa kanuni za Austria, Wiener Schnitzel bila neno la ziada ni ya ndama, lakini inayotiwa kwenye mkate mara nyingi ni nguruwe. Omba ya kuku au bata mzinga, Pute, kisha uliza kama inakaangwa kwenye mafuta yaleyale. Usione haya.

Nyama yenyewe sina ugomvi nayo: ni mnofu mtupu, unakupa protini karibu gramu 30. Tatizo ni ganda. Nyama hupondwa ikawa nyembamba, ikapitishwa kwenye unga, yai, kisha chenga za mkate, bila kukandamizwa. Mafuta yakifika nyuzi 170 hivi, mvuke hulivimbisha ganda likaachana na nyama. Yakiwa hayajachemka vizuri, ganda huyanywa kama bajia za mpishi mwenye haraka. Ukiona karatasi imelowa kabla hujauma, hama duka.

Mkate wa Kaisersemmel ni ngano nyeupe. Nyuzinyuzi ni kidogo mno, ndiyo maana saa kumi njaa inarudi. Yote kwa pamoja huwa kilokalori 500 hadi 700, na kijiko kikubwa cha mayonesi pekee ni karibu 100. Mwambie muuzaji asiyaweke, akuongezee saladi. Tango la siki nalo zuri, ila lina chumvi.

Na chumvi ndiyo inayonitia hofu. Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima asifikishe gramu 5 kwa siku. Nyama, ganda, mkate na kechapu vinaweza kumaliza nusu yake kabla ya chakula cha usiku. Mimi na mama yako sote tunameza vidonge vya presha. Kula Schnitzelsemmel mara moja kwa wiki, siku nyingine pika dengu. Chumbani una jiko. Soda achana nayo: maji ya bomba ya Vienna yanatoka chemchemi za milimani tangu 1873, na ni ya bure.

Kapime presha wiki hii, uniandikie namba zote mbili, ya juu na ya chini.

Mjomba wako,
Tanga