Bidoni Moja la Dizeli

Mjomba wangu ana basi dogo la abiria linalofanya safari kati ya Bujumbura na Gitega. Ni gari la dizeli, tena la kisasa, na ndilo linalonilipia ada ya chuo kikuu na kulisha watu wanane nyumbani. Mimi ninasoma Kiswahili, sisomi ufundi wa magari. Hata hivyo nitaandika juu ya pampu ya mafuta, kwa sababu pampu hiyo ilinifundisha jambo ambalo bado ninaona aibu kulisema.

Msomaji anayeishi Burundi anaijua hali ya mafuta ilivyokuwa tangu mwaka 2021. Magari hulala foleni kituoni, na madereva hulala ndani yake. Siku moja dereva wetu alikuwa amekesha foleni, nikaenda asubuhi kumpokea zamu. Mjomba alinipa pesa ya lita 40 na kuniambia, "Mwanangu, ukikosa, rudi na pesa yangu. Ya barabarani usiguse."

Saa tisa alasiri mafuta ya kituo yaliisha kabla ya kutufikia. Kesho yake nilikuwa na mtihani, na sikutaka kurudi kwenye foleni. Kijana mmoja akaniita pembeni akanionyesha bidoni la lita 20, yaani dumu kama wasemavyo Watanzania. Bei yake ilimaliza karibu pesa yote. Nilimimina mwenyewe kwenye tangi. Nyumbani nikasema kwamba kituoni waligawa lita 20 tu kwa kila gari na kwamba bei imepanda. Mjomba aliniamini.

Baada ya siku chache gari likaanza kusumbua kuwaka asubuhi. Kisha taa ya injini ikawaka, na nguvu zikapungua kila lilipopanda milima ya kuelekea Bugarama. Wiki ya pili likazimika katikati ya mlima likiwa na abiria, na mjomba akalazimika kuwarudishia nauli. Jioni alimwita dereva. Alimwambia kwamba ananunua mafuta ya njiani na kula chenji. Dereva aliapa kwamba hajafanya hivyo. Mjomba akamnyang'anya ufunguo na kumwambia abaki kwake. Nilikuwa nimeketi pale pale, na daftari mkononi. Sikusema neno.

Gari lilivutwa hadi Buyenzi. Ni mtaa wa Kiswahili na wa magereji. Darasani tunajifunza ngeli, lakini Buyenzi ndiko tunakosikia ngeli zikifanya kazi. Fundi tuliyempata ni mzee. Alifungua filta, akamimina mafuta yaliyokuwemo kwenye chupa nyeupe na kuyaacha yatulie. Maji yakashuka chini. Juu ya maji kukawa na chembe zinazong'aa, kama unga wa bati.

"Hiyo ni pampu yenu," akasema. "Inajila yenyewe."

Nilimwuliza maana yake, naye akanieleza kwa subira. Katika malori mengi ya zamani pampu ya dizeli ililainishwa na oili ya injini. Ingeweza kuvumilia mafuta machafu kwa muda mrefu, ikitoa moshi na kelele tu. Katika magari ya siku hizi pampu husukuma dizeli kwenye bomba moja linalolisha nozeli zote, na kompyuta huamua kila nozeli ifunguke lini. Magari madogo ya kwanza ya mfumo huo yaliingia sokoni Ulaya mwaka 1997. Tairi la gari dogo hujazwa upepo wa bar 2 au zaidi kidogo. Ndani ya bomba hilo shinikizo hupita bar 1,000, na katika magari mapya hufika bar 2,000. Ili mafuta yasivuje kwa shinikizo hilo, vyuma vya ndani hukaribiana mno, nafasi iliyopo kati yake ikiwa ndogo mara nyingi kuliko unene wa unywele. Na kinachovilainisha vyuma hivyo ni dizeli yenyewe.

Hapo ndipo penye udhaifu. Maji hayalainishi chuma, tena hukitia kutu. Mafuta ya taa ni mepesi kuliko dizeli na hulainisha kidogo kuliko dizeli. Ukiyachanganya, vyuma husuguana na kutoa chembe. Chembe huingia kwenye bomba, kisha kwenye nozeli, na nyingine hurudi kwenye tangi. Ndiyo maana ukibadilisha pampu peke yake, mpya nayo itakufa.

"Maji nimeyaona," nikasema. "Mafuta ya taa utayaonaje?"

"Kwa macho huwezi. Hayajitengi kama maji. Mafuta yakishachakachuliwa, pampu ndiyo itakayokuambia."

Kuchakachua ni neno ambalo nilikuwa nimelisoma katika magazeti ya Tanzania likihusu kura. Sikujua kwamba kabla ya kura lilizoeleka kwenye mafuta. Baadaye nilisoma kwamba mwaka 2011 Tanzania ilipandisha kodi ya mafuta ya taa ili yasiwe rahisi kuliko dizeli, na kwamba Kenya ilifanya vivyo hivyo mwaka 2018. Serikali mbili zilibadilisha kodi kwa sababu ya mchanganyiko usioonekana kwa macho.

Nilitamani sana kosa liwe la mtengenezaji. Hilo nalo hutokea: mwaka 2021 huko Marekani malori madogo zaidi ya 200,000 aina ya Ram yaliitwa yarudishwe kwa sababu ya pampu zao za shinikizo kubwa. Lakini chupa ya fundi ilikuwa mezani, na maji yalikuwa ndani yake.

Mjomba aliitazama chupa akasema, "Mnaona? Si nilisema ni dereva!"

Fundi alifuta mikono. "Mzee mwenzangu, naweza kukuambia mafuta yalikuwa mabaya. Nani aliyanunua, mimi siwezi kujua."

Wahenga walisema mficha maradhi kilio humfichua. Usiku ule sikulala. Alfajiri, mjomba alipomaliza kuswali, nilipiga magoti mbele yake nikamweleza yote: foleni, bidoni, na uongo wa lita 20. Hakunipiga wala hakupaza sauti. Alisema tu, "Vaa viatu." Tukaenda kwa dereva.

Dereva alitusikiliza akiwa amesimama mlangoni. Alikuwa amekaa bila kazi siku kumi na moja, na mwenye nyumba alikuwa ameshamfuata mara mbili. Aliniambia, "Mdogo wangu, mafuta mabaya mtu yeyote angeweza kununua. Lakini ulinitazama nikiapa." Nilikosa la kujibu. Alikubali kurudi kazini kwa sharti moja: mimi nisishike tena ufunguo wa gari lile. Mpaka leo sijaushika.

Pampu, nozeli na kusafisha tangi vilimaliza ada yangu, kwa hiyo nilikaa nyumbani muhula mzima. Nilikuwa nikienda gereji kila wiki kumsaidia fundi kuosha vyuma, na huko ndiko nilikojifunza kufungua kizibo kilicho chini ya filta ili maji yatoke.

Wenzangu, wengi wetu tunasomeshwa na gari, duka au shamba la mtu mwingine. Tukiliharibu, gharama huanza kumfikia asiyehusika kabla haijatufikia sisi. Ningesema siku ile ile, fundi angemwaga lile tangi kabla pampu haijaanza kujila, na dereva asingeapa mbele ya mtu aliyejua ukweli.