Mashabiki Wengi, Anwani Moja

Kampala

Mpwa wangu mpendwa,

 

Programu yako ya kuuza tiketi za mechi za klabu ya soka ya Onduparaka nimeipenda mno. Kinachonitia wasiwasi ni ile sheria ya kumfungia yeyote anayetuma maombi zaidi ya matano kwa dakika kutoka anwani moja ya IP. Umeijaribu kwenye kompyuta yako tu, na hapo seva hukuona kama 127.0.0.1 kila mara. Mashabiki hawatakuja hivyo. Wengi hutumia intaneti ya simu, na kampuni za simu huweka wateja wengi nyuma ya anwani moja ya nje. Siku ya mechi pale uwanjani Green Light, umati mzima utaonekana kama mtu mmoja msumbufu.

Pia usimkatae mtu kwa sababu ya nchi ya anwani yake. Mwenye laini ya Kongo ataonekana mgeni hata akiwa amesimama sokoni Koboko. Na unakumbuka kodi ya mitandao ya kijamii ya Julai 2018, shilingi 200 kwa siku: Waganda wengi walikimbilia VPN, wakaonekana wako ng'ambo ilhali wamekaa nyumbani.

Basi jaribu ukiwa watu wengi. Kwenye Linux, anwani zote zinazoanza na 127 ni za mashine yako. Amri ya curl --interface 127.0.0.2 itakufanya mteja mwingine, kisha 127.0.0.3, na kuendelea. Seva ikiwa nyuma ya proksi, tuma kichwa cha HTTP cha X-Forwarded-For, ambamo proksi huandika anwani ya mteja, chenye anwani zinazoanza na 203.0.113, zilizotengwa kwa ajili ya mifano. Usitumie anwani ya mtu halisi.

Hapa nakusihi uwe makini: kichwa hicho yeyote anaweza kukiandika. Seva ikikiamini ovyo, mlanguzi wa tiketi atabadilisha anwani kwa kila ombi na sheria yako haitamgusa. Kikubali pale tu ombi linapotoka kwenye proksi yako, na usome anwani ya mwisho kulia, ile iliyoongezwa na proksi yenyewe. Kisha itumie seva moja kwa moja kichwa cha uongo uone kama itakipuuza.

Badala ya kuhesabu maombi kwa anwani, mimi ningehesabu tiketi kwa namba ya simu inayolipa. Ukimaliza nitumie kumbukumbu za seva, hasa maombi yaliyokataliwa.

Mjomba wako